Cheti Ukutani Hakitoshi: Vituo vya Watoto Tuvikague Wenyewe



Mvua za kwanza zikinyesha Nachingwea, kijiji kizima huhamia shamba. Mtu huamka alfajiri, anachukua jembe, anaondoka. Mwenye ufuta anakwenda. Mwenye mihogo na mbaazi anakwenda. Wakati wa korosho ni hivyo hivyo, maana korosho ikianguka haingoji. Mchana ukipita kijijini utakuta milango imefungwa na kuku wanaparua uani.

Je, mtoto wa miaka mitatu yuko wapi?

Mtoto huyo ana njia tatu. Njia ya kwanza ni kubebwa mpaka shamba. Huko atakaa juani, karibu na panga na jembe. Wakati wa kupulizia mikorosho atavuta vumbi la salfa. Njia ya pili ni kuachwa nyumbani na dada yake wa miaka minane. Dada huyo naye ni mtoto. Tena siku hiyo hakwenda shule. Njia ya tatu ni kupelekwa kwenye kituo cha kulelea watoto, ambacho wengi wetu tunakiita chekechea.

Njia ya tatu ni nzuri kuliko zote, lakini kwa sharti moja: kituo chenyewe kiwe salama. Kituo kibaya kinaweza kuwa hatari kuliko shamba. Shambani mama yupo. Kituoni mama hayupo.

Leo nataka tuzungumze juu ya ukaguzi wa vituo hivi. Nani anavikagua? Anakagua nini? Na sisi wanakijiji kazi yetu ni ipi? Maoni yangu nayasema mapema. Mkaguzi wa serikali ni wa lazima, lakini peke yake hatoshi. Cheti hupima kituo siku moja. Mtoto hukaa kituoni kila siku. Kwa hiyo ukaguzi lazima uwe kazi ya kijiji.

SHERIA INASEMAJE?

Vituo vya watoto si jambo geni kwetu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, vijiji vya ujamaa vilianzisha vituo vya kulelea watoto mchana ili akina mama wapate nafasi ya kulima. Kijiji kilitoa nyumba. Kijiji kilimchagua mlezi. Wazazi walileta unga wa uji na kuni.

Mwaka 1981 Bunge lilitunga Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Mchana, Sheria Namba 17. Sheria hiyo haipo tena. Nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009. Hii ndiyo sheria inayotawala vituo hivi Tanzania Bara. Inasema mtoto ni mtu yeyote mwenye umri wa chini ya miaka 18. Inasema pia kwamba anayetaka kufungua kituo lazima apate kibali. Haidhuru awe mtu binafsi, dini, chama, au shirika. Haidhuru awe anatoza ada au anasaidia bure. Watoto wa watu hawakusanywi bila kibali.

Hapa wengi huchanganya mambo mawili, basi tuyatenganishe. Darasa la elimu ya awali, lile lililo katika shule ya msingi kwa watoto wa miaka mitano, liko chini ya wizara ya elimu. Wanaolikagua ni wathibiti ubora wa shule. Lakini kituo cha kulelea watoto wa chini ya miaka mitano kiko chini ya Ustawi wa Jamii. Anayekikagua ni Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri, akisaidiwa na Afisa Afya, yule tuliyezoea kumwita Bwana Afya au Bibi Afya. Ukiwa na shida na kituo, usizunguke. Anza kwa Mtendaji wa Kijiji, halafu kwa Afisa Ustawi wa Jamii.

KIBALI HUPATIKANAJE?

Anayetaka kufungua kituo huandika maombi na kuyapeleka kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya yake. Anaeleza kituo kitakuwa wapi, kitapokea watoto wangapi, na walezi ni akina nani, wenye mafunzo gani. Afisa Afya anakwenda kutazama nyumba, maji, choo na jiko. Afisa Ustawi wa Jamii naye anatazama na kuandika taarifa. Maombi yakikubaliwa, kituo kinaandikishwa na kupewa cheti kutoka kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii.

Kazi haiishi hapo. Maofisa wana haki ya kuingia kituoni na kukagua. Wanaweza kutaka kuona vyumba, chakula, madaftari na watoto wenyewe. Wakikuta kasoro wanaagiza irekebishwe. Isiporekebishwa, kibali kinaweza kufutwa na kituo kufungwa.

Sasa wewe umejifunza kusoma. Usiache elimu yako darasani. Ukifika kituoni, omba kuona cheti, kisha ukisome mwenyewe. Jina la kituo ndilo hilo? Mahali palipoandikwa ndipo hapo? Mwenye kituo aliyeandikwa ndiye huyo anayekiendesha? Mwenye kituo mwaminifu hataudhika. Atafurahi kuona kwamba mzazi anajali. Anayeficha cheti ana sababu ya kukificha.

KWA NINI CHETI HAKITOSHI?

Tuchukue mfano. Tuseme kituo kimekaguliwa mwezi wa Agosti. Wakati huo ni kiangazi. Uwanja ni mkavu, nyasi zimefyekwa, choo ni kipya, pipa la maji limejaa. Walezi ni wawili na watoto ni ishirini. Afisa anaridhika. Cheti kinatolewa na kupigiliwa ukutani.

Mwezi wa Januari mvua zinanyesha sana. Nyasi zimefika magotini. Choo kimeanza kutitia. Mlezi mmoja ameacha kazi ili akalime shamba lake. Wazazi wengi wamekwenda kulima, kwa hiyo watoto sasa ni hamsini na mlezi ni mmoja. Cheti bado kipo ukutani. Cheti ni kile kile, lakini kituo si kile kile.

Je, afisa atajuaje? Wilaya ya Nachingwea ni kubwa. Kutoka mjini mpaka Kilimarondo ni safari ndefu, na masika barabara huwa tope. Ruangwa nako kuna vijiji vilivyo mbali na makao ya wilaya. Maofisa ni wachache na kazi zao ni nyingi. Wana kesi za matunzo ya watoto, wazee wasio na msaada na ndoa zenye ugomvi. Hata afisa mwenye bidii hawezi kufika kila kituo kila mwezi.

Lakini wewe unapita hapo kila siku. Unamleta mtoto asubuhi na kumchukua jioni. Unaona choo na unasikia kilio. Mwenye macho ya kila siku ndiye mkaguzi wa kwanza.

MAMBO SITA YA KUTAZAMA

Huhitaji kuwa mtaalamu ili ukague kituo. Tazama mambo haya sita.

La kwanza ni watu. Nani analea? Ana afya njema? Anajulikana tabia yake? Walezi wanatosha kwa hesabu ya watoto? Mlezi mmoja hawezi kumwosha huyu, kumlisha yule na kumkimbilia anayekwenda kisimani. Tazama pia watu wengine wanaoingia kituoni bila kazi maalumu. Mtu mzima asiye na kazi na watoto asiachwe nao peke yake. Mlezi asichape watoto. Mtoto mdogo hufundishwa kwa kuonyeshwa na kuzoezwa. Fimbo humfundisha woga tu. Ikiwa mtoto aliyependa kituo ameanza kulia na kukataa kwenda, usimkaripie. Mwulize polepole. Mtazame mwili wakati wa kumwogesha.

La pili ni maji na choo. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na chombo kiwe na kifuniko. Kikombe kimoja kisizunguke midomo arobaini. Choo cha watoto kiwe na tundu dogo. Tundu la watu wazima ni shimo la hatari kwa mtoto wa miaka miwili. Mtoto akiliogopa atajisaidia nyuma ya nyumba. Nzi atatoka huko na kutua kwenye uji. Kuhara huanza hivyo, na kuhara humkausha mtoto kwa muda mfupi. Kuwe na maji yanayotiririka na sabuni karibu na choo. Kibuyu chirizi hakina gharama. Kinatengenezwa kwa dumu, kamba na kijiti.

La tatu ni chakula. Sisi wa Nachingwea tuna bahati ya karanga, ufuta, mbaazi na korosho. Uji mtupu wa mahindi au muhogo hushibisha tumbo bila kujenga mwili. Uji ukitiwa karanga zilizosagwa unakuwa chakula. Lakini karanga na mahindi visivyokaushwa vizuri huota ukungu, na ukungu huo unaweza kuwa na sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hii haiishi kwa kupikwa. Kwa hiyo fungua gunia la kituo na utazame. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupwe. Wasipewe watoto, wala kuku. Na muhogo mchungu ulowekwe na kukaushwa barabara kabla ya kusagwa.

La nne ni nyumba na uwanja. Kisima au shimo lipo karibu? Limefunikwa na kuzungushiwa uzio? Jiko liko mbali na mahali watoto wanapochezea? Mafuta ya taa na dawa za korosho haviwekwi chumba kimoja na watoto? Nyasi zimefyekwa ili nyoka asijifiche? Mlango unafunguka kwa urahisi moto ukitokea? Kama watoto hulala mchana, wana mikeka safi na vyandarua? Huku kwetu malaria bado ni adui mkubwa wa mtoto mdogo.

La tano ni daftari. Wako watu wanaodhani daftari ni kazi ya ofisini tu. Sivyo. Daftari la mahudhurio linasema leo wamekuja watoto wangapi. Jioni wakihesabiwa, hesabu lazima iwe ile ile. Daftari linaandika jina la mzazi, mahali anapolima, na namba ya simu kama anayo. Linaandika nani ameruhusiwa kumchukua mtoto. Mtu mwingine akija asipewe, hata akisema yeye ni mjomba. Daftari pia linaandika mtoto aliyeumia au kuugua, saa ngapi, na akapewa msaada gani. Tena kuwe na kitabu cha wageni. Kila afisa anayefika aandike alichokiona na alichoagiza. Anayefuata atafungua na kusoma: choo kilikuwa kibovu mwezi wa tatu, je, kimetengenezwa? Ukaguzi usioandikwa husahaulika. Tena ukaguzi usioandikwa unatoa nafasi kwa mtu kupokea chai na kwenda zake.

La sita ni afya ya mtoto mwenyewe. Mtoto anapoandikishwa, kadi yake ya kliniki itazamwe. Amepata chanjo zote? Chanjo ya surua hutolewa akiwa na miezi 9, na mara ya pili akiwa na miezi 18. Surua ikiingia kituoni kwa mtoto mmoja, inaweza kuwazunguka wote wasiochanjwa. Je, anapata matone ya vitamini A kila miezi sita? Anapimwa uzito? Mtoto anayehara, mwenye homa au upele mpya abaki nyumbani na apelekwe zahanati. Najua ni vigumu kukaa nyumbani siku ya palizi. Lakini ukimpeleka mgonjwa kituoni, umewapelekea ugonjwa watoto wa jirani zako.

JE, KIJIJI KINAWEZA?

Wako watakaosema, "Sisi wakulima tutakaguaje? Hiyo ni kazi ya wasomi." Nawajibu kwa mifano miwili ya nchi yetu.

Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Wananchi walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, wakazungumza. Kisha wakachimba vyoo, wakafyeka nyasi na kusafisha mahali pa kuchotea maji. Hawakumngoja Bwana Afya aje kuwachimbia. Walijifunza, wakaamua, wakatenda.

Mfano wa pili ni wa Mkoa wa Iringa. Kuanzia mwaka 1983 serikali, ikisaidiwa na mashirika ya UNICEF na WHO, iliendesha mpango wa lishe katika vijiji 168. Watoto wadogo walipimwa uzito kijijini kila miezi mitatu. Matokeo hayakufungiwa kabatini. Yalipelekwa kwa serikali ya kijiji na kuzungumzwa. Watoto wangapi wamepungua uzito? Kwa nini? Mama yuko shamba mchana kutwa? Basi nani atamlisha? Vijiji vingine viliamua kuwa na mahali pa kuwalisha watoto mchana. Utapiamlo mkali ulipungua. Waliofanya hayo walikuwa wakulima kama wewe. Kipimo kilikuwa mizani ya kuning'iniza, na dawa ilikuwa mazungumzo na utendaji.

Basi kijiji kinaweza. Tena kina vyombo tayari. Kuna Kamati ya Huduma za Jamii chini ya Halmashauri ya Kijiji. Kuna Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto. Kuna mhudumu wa afya wa kijiji. Na mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu. Ninashauri mambo matatu.

Kwanza, kamati ichague watu watatu, na wawili wao wawe akina mama wenye watoto kituoni. Wakikague kituo kila mwezi, bila kutoa taarifa mapema, kwa kufuata yale mambo sita.

Pili, wanachokiona wakiandike katika daftari la kituo, wakitia tarehe na sahihi zao.

Tatu, taarifa ya kituo isomwe katika kila mkutano mkuu, kama inavyosomwa taarifa ya mapato na matumizi. Kama tunauliza fedha za kijiji zimekwenda wapi, kwa nini tusiulize watoto wetu wanalelewaje?

WANAOPINGA

Wako wazee wanaosema, "Sisi tulilelewa bila cheti wala daftari, na tumekua." Ni kweli, wazee wetu. Lakini zamani mtoto alilelewa na bibi yake, katika ua wa ukoo. Bibi alimjua mtoto, na ukoo ulimjua bibi. Huo nao ulikuwa ukaguzi. Leo vijana wanahama. Wengine wanakwenda mjini, wengine wanafuata madini ya kinywe Ruangwa, wengine wanalima mbali na ukoo wao. Mtoto anakabidhiwa kwa mtu ambaye jana hakujulikana, pamoja na watoto wengine arobaini. Jicho la ukoo halipo, basi lazima liwepo jicho la kijiji na la sheria.

Wako wenye vituo wanaosema, "Nikijiandikisha wataniandama, watanifungia." Kwa hiyo wanalea watoto kwa kujificha. Ndugu, kujificha hakumsaidii mtu. Siku mtoto akiumia utakuwa na makosa mawili. Tena aliyejificha hapati mafunzo, na mtaalamu wa lishe hajui kwamba yupo.

Lakini maneno yao yana ukweli ndani yake, na hapa nasema na maofisa wetu. Mwanamke wa kijijini mwenye nyumba ya udongo na moyo wa kulea hawezi kujenga kama tajiri wa Dar es Salaam. Akiorodheshewa mambo ishirini kwa siku moja atakata tamaa. Atafunga mlango wa mbele na kuendelea kupokea watoto kwa mlango wa nyuma. Naomba tutenganishe yanayoua na yanayopendeza. Kisima kisichofunikwa kinaua. Maji machafu yanaua. Mlezi mkatili anaharibu maisha. Hayo yasisubiri hata siku moja. Rangi ya ukuta, picha za kupendeza na bembea ya chuma vinaweza kusubiri. Anayekagua aanze na yanayoua. Ampe mlezi muda kwa yaliyobaki, amwonyeshe jinsi ya kuyafanya, kisha arudi kutazama.

Nachingwea tunalijua somo hili. Mwaka 1947 ulianza ule mpango mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga, na eneo letu lilikuwa mojawapo ya matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Zililetwa mashine nyingi. Reli ilijengwa kutoka Mtwara. Lakini hesabu zilifanywa mbali, na udongo na mvua za mahali penyewe havikupimwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na baadaye reli nayo iling'olewa. Ndiyo maana nasema kila kanuni ipimwe mahali inapotumika, pamoja na watu wa mahali hapo. Kanuni ya kumlinda mtoto isiwe ya karatasi tu.

Serikali yenyewe imekwisha kuiona haja hii. Mwezi wa Desemba 2021 ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Moja ya mambo yanayohimizwa ni jamii yenyewe kuanzisha na kutunza vituo vya watoto. Basi kijiji kisichokuwa na kituo kiulize Halmashauri: tuanzeje, na nani atatufundisha walezi wetu?

UKIONA KASORO UFANYEJE?

Usinyamaze, na usianze kwa matusi. Kasoro ndogo mwambie mlezi mwenyewe, kwa heshima: "Mama, pipa halina kifuniko. Mimi nitaleta mfuniko kesho." Mlezi ni mwenzako. Mara nyingi analipwa kidogo, au halipwi kabisa. Kumkagua bila kumsaidia ni kumwonea. Wazazi wakilete kituoni unga, sabuni na nguvu zao siku ya kufyeka.

Kasoro ikibaki, ipeleke kwa kamati na kwa Mtendaji. Isiposikilizwa, ipeleke kwa Afisa Ustawi wa Jamii.

Lakini kama mtoto amepigwa vibaya, ameharibiwa, au yuko katika hatari, usingoje kikao. Peleka habari siku hiyo hiyo kwa Mtendaji, kwa Afisa Ustawi wa Jamii au polisi, na mtoto apelekwe hospitali. Unaweza pia kupiga simu namba 116, ambayo ni ya kusaidia watoto na haina malipo. Kumbuka, Sheria ya Mtoto, kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mahali pake. Kwa hiyo kutoa taarifa si umbea wala uchochezi. Ni wajibu wako kisheria.

Waswahili husema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Tukimlea mtoto katika uchafu na woga, atakua na maradhi na woga. Tukimlea kwa maji safi, uji wenye karanga na mlezi mpole, atafika darasa la kwanza akiwa na afya na akili zilizochangamka.

Basi, ndugu msomaji, msimu huu kabla hujachukua jembe, fika kituoni mapema kidogo. Soma cheti. Tazama choo. Fungua gunia la karanga. Hesabu watoto na walezi. Kisha nenda ukalime kwa moyo mtulivu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA DARASANI

1. Katika kijiji chenu, watoto wadogo hukaa wapi wakati wa palizi na wakati wa korosho?

2. Je, kituo chenu kina cheti? Nani kati yenu amekisoma?

3. Katika yale mambo sita, ni lipi baya zaidi kwenye kituo chenu? Mnaweza kulitengeneza mwezi huu bila kungoja msaada?

4. Chagueni watu watatu wa kukagua kituo. Taarifa yao itasomwa katika mkutano mkuu upi?